Tupeane uzoefu: Mind Your Language uliyoicheka zamani, leo unaionaje?

Kinyerezi_Juu
Wakuu, habari za jioni. Jana nimejikuta natazama tena Mind Your Language YouTube, kile kichekesho cha Waingereza cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, zile za mwanzo kabisa za 1977. Binti yangu wa kidato cha pili akaja kukaa pembeni. Ali Mpakistani kasema lake, Ranjeet Kalasinga kamvaa, mwalimu wao Mr Brown kaingia katikati kuwaamua, mimi mbavu sina. Mtoto kimya. Mwisho akaniuliza, "Baba, wanawacheka kwa kuwa hawajui Kiingereza? Mbona sisi shuleni tunachapwa kwa hicho hicho?" Nilikosa jibu, na hadi sasa linanizunguka kichwani. Sisi tuliitazama kwenye TV ya chogo, moja kwa mtaa mzima, waliokosa nafasi sebuleni wanachungulia dirishani. Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Wewe uliyeipenda, bado unaipenda? Na watoto wako wanasemaje? Tupeane uzoefu.

Mtoto_wa_Makongeni
Wee, usinikumbushe! KBC ya Kenya, miaka ya tisini, TV ya Great Wall ya black and white inakula betri ya gari, mmoja wetu yuko juu ya mabati anageuza antena. "Sasa?" "Bado!" "Sasa?" "Hapo hapo, usiguse!" Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ndiye aliyetulazimisha kuitazama. Shuleni tulikuwa tunavishwa monto, kile kibao cha shingoni. Ukisikika unaongea lugha ya nyumbani unakivaa, na hukivui mpaka umnase mwenzako. Jioni uliyekuwa nacho unapigwa. Halafu narudi nyumbani namwona Mr Brown: mwanafunzi anakosea, anakosea tena, mwalimu anashusha pumzi, anarudia pole pole. Hampigi mtu. Wenzangu walikuwa wanawacheka wanafunzi, mimi nilikuwa namtamani mwalimu. Hata leo nikiitazama, macho yangu yako kwake. Sijaona kilichobadilika.

Shangazi_Kariakoo
Hapo kwa mwalimu umenena. Sina la kuongeza.

DJ_Ngamiani
Mnaifanya nzito bure. Giovanni na Max wanamgombea Danielle, Su-Lee Mchina na kitabu chake chekundu cha Mao, mwalimu mkuu Miss Courtney anafungua mlango kila mahali pamechafuka. Raha tupu! Sisi wenyewe tunaigiza lafudhi za Wasukuma, Wamakonde na Wachaga tangu tukiwa wadogo. Wakenya walikuwa na vichekesho vyao vya TV, Vitimbi na Vioja Mahakamani, kila kabila na ulimi wake, na taifa zima lilikaa chini kutazama. Kuna aliyekufa?

Nyanda_wa_Magu
Mkuu, huyo Msukuma ndiye mimi. Nilipofika chuo Dar, kila nikifungua mdomo kwenye semina kuna mtu nyuma analirudia neno langu kwa sauti yangu. Muhula mzima sikuuliza swali, na maswali nilikuwa nayo. Hakufa mtu, ni kweli.

DJ_Ngamiani
Pole kaka. Sikukulenga wewe.

Nyanda_wa_Magu
Najua hukunilenga. Na yule wa nyuma alisema hivyo hivyo.

Kibaraza_cha_Unguja
Na haikufutwa bure. ITV waliikata 1979 wakati bado inatazamwa na watu wengi.

Fundi_Redio
Acha uongo. ITV imeanza 1994, nilikuwepo, nimefunga antena za watu mwenyewe Sinza nzima.

Kibaraza_cha_Unguja
ITV ya Uingereza, bwana! Siyo hii ya Dar, ya Mikocheni!

Fundi_Redio
Basi sema ya Uingereza tangu mwanzo. Watu tunasoma huku tuko kazini.

Kibaraza_cha_Unguja
Haya, nisomeni vizuri. Ilitengenezwa na London Weekend Television, mtunzi Vince Powell, ambaye kabla ya hapo alishirikiana na mwenzake kuandika ile ya jirani mweupe na jirani mweusi, Love Thy Neighbour. Misimu mitatu, 1977 hadi 1979. Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa kituo, ndiye aliyeikata kwa kuona inavyowachora wageni inaudhi. Mwaka 1986 ikarudishwa kwa msimu mmoja, na Ali hakuwemo kwa sababu Dino Shafeek alikuwa ameshafariki 1984. Kwa hiyo Waingereza wenyewe waliiona aibu mapema, na sisi huku ndio kwanza tunaipokea. Wahindi walifika mbali zaidi, wakatengeneza ya kwao ya Kihindi, Zabaan Sambhalke, 1993.

Omari_Ruwi
Nathibitisha hayo ya Wahindi. Niko Muscat, nakaa na Mpakistani, Kalasinga mmoja na Wafilipino wawili. Ijumaa tukipumzika tunaiweka hiyo hiyo Mind Your Language. Mpakistani anajua maneno ya Ali yote kwa moyo. Kalasinga anacheka kila kitu isipokuwa kilemba kikiguswa, hapo anatoka kwenda kuchemsha chai, na sisi tumeshajua, hatumuulizi.

Mlimani_Zamani
Nina swali. Kati ya wanafunzi wa kudumu wa misimu ile ya mwanzo kuna Mhindi, Mpakistani, Mchina, Mjapani, Mgiriki, Mtaliano, Mhispania, Mjerumani, Mfaransa. Mwafrika yuko wapi? Hayumo! Nahisi ndiyo maana tulicheka kwa moyo mweupe. Angekuwepo mmoja mwenye ulimi kama wa babu yangu, anakosa "r" na "l" kila dakika na Miss Courtney anamkazia macho, sijui kama mtaa ungejaa sebuleni.

Mtoto_wa_Makongeni
Hii sijawahi kuifikiria. Ngoja nikae nayo.

Binti_wa_Jinja
Naandika kutoka Leicester, Uingereza. Kiswahili changu ni cha dukani Jinja na cha shangazi zangu wa Mombasa, mtanivumilia.

Sisi ni Wahindi wa Uganda. Mwaka 1972 Rais Idi Amin alitupa siku 90 tuwe tumeondoka. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kutuomba tusije, mji umejaa. Tulikuja. Mama akapata kazi kiwanda cha soksi, na jioni akawa anakwenda darasa la Kiingereza la watu wazima kwenye shule ya mtaani. Kwa hiyo mnaposema Mind Your Language, kwetu darasa lile lilikuwepo kweli. Viti vidogo vya watoto, wanawake waliotoka zamu ya kiwandani, mwalimu wa kujitolea. Nilikuwa nakaa nyuma na daftari langu kwa sababu hapakuwa na wa kubaki nami nyumbani.

Kipindi kilipoanza, mimi shuleni niliacha kuitwa jina langu. Nikawa Jamila. Yule mama wa sari anayefuma sweta darasani na hajui kusema chochote. Hayo niliyameza.

Jioni moja tumetoka darasani, tuko kituo cha basi, mama kashika mfuko wa vitunguu mkono mmoja na mimi mkono mwingine. Wakaja vijana watano au sita. Wakaunganisha viganja, wakainamisha vichwa, wakaanza kutoa yale maneno ya Ranjeet na ya Ali, moja baada ya jingine, wanamzunguka. "Jamila! Jamila!" Mmoja akashika ncha ya sari akavuta, akaendelea kuvuta. Kituoni walikuwepo watu wazima. Wengine walicheka, wengine walitazama barabarani kama basi linakuja. Mama hakuwa na Kiingereza cha kuwaambia. Basi aliachia mfuko, vitunguu vikatawanyika, akawatukana kwa Kiswahili. Yale matusi ya soko la Jinja, yenye mama na bibi na ukoo mzima ndani yake, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Hawakuelewa neno, lakini walirudi nyuma wote. Tulipopanda basi ndipo alipoanza kutetemeka, na mimi ndiye niliyelipa nauli.

Na wiki ile ile aliwasha TV kuitazama! Nililia nikamwambia azime. Akaniambia, "Kwenye hilo sanduku hao ndio wenye rangi yetu. Ukizima, nimtazame nani?"

Alikuwa naye mmoja zaidi wa kumtazama, kwenye taarifa ya habari. London, kule Willesden, kulikuwa na mgomo wa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha, tangu 1976 hadi 1978. Waliogoma wengi walikuwa wanawake Wahindi kutoka Afrika Mashariki. Mbele yao Jayaben Desai, mama mfupi wa sari, mkoba mkononi, ambaye aliishi Tanzania kabla ya kuja huku. Aliwaambia wakubwa zake kwamba kiwanda chao ni bustani ya wanyama, na ndani wapo nyani wa kuchezeshwa lakini wapo pia simba. Fikirieni: TV ile ile, miezi ile ile, mama mmoja wa sari anasimamisha kiwanda mbele ya polisi, na mwingine wa sari anafuma tu na kutikisa kichwa. Wenye kuandika vichekesho walimwona yupi?

Sasa nina wajukuu. Nikiitazama leo namwona Dino Shafeek, mzaliwa wa Dhaka, jinsi anavyojua hasa wakati wa kunyamaza. Namwona Albert Moses wa Sri Lanka, yule Ranjeet, na Pik-Sen Lim wa Penang, Malaysia, yule Su-Lee. Waigizaji wa kweli, na nafasi walizopewa zilikuwa hizo. Nawafurahia. Ila Jamila akiingia bado nazima, na sioni haja ya kujilazimisha.

Shangazi_Kariakoo
Dada, nimesoma nimesimama. Mungu amtunze mama.

Mlimani_Zamani
Uzi ufungwe hapa. Hakuna wa kuandika baada ya hili.

DJ_Ngamiani
Usifungwe. Nataka kujua matusi yalikuwa yapi.

Nyanda_wa_Magu
DJ, heshima kidogo.

DJ_Ngamiani
Nina heshima kabisa. Matusi yaliyowarudisha vijana sita nyuma lazima yahifadhiwe.

Kibaraza_cha_Unguja
Kwa mleta mada: mtoto asiionyeshwe tena, ampe vitabu.

Omari_Ruwi
Aonyeshwe yote, msimu wa kwanza hadi wa mwisho. Ukimficha ataitafuta mwenyewe na hatakuwa na wa kumuuliza.

Fundi_Redio
Aonyeshwe bila sauti. Utajua kipi kinachekesha kwa uigizaji na kipi ni ulimi wa watu tu. Nimejaribu sasa hivi: Miss Courtney bado anachekesha, Taro yule Mjapani na kuinama kwake hapana.

Mwalimu_Forodhani
Nafundisha Kiswahili kwa Wazungu huku Unguja. Ngeli zinawaua: "kitabu yangu", "mtoto kikubwa". Tunacheka darasa zima, na anayekosea ndiye anacheka zaidi, kisha anakwenda kuogelea. Kosa lake halimnyimi kazi wala nyumba, wala hakuna wa kumvuta nguo kituo cha daladala. Wanafunzi wa Mr Brown walikuwa wanafukuzia riziki kwa lugha hiyo. Mimi hapo ndipo ninapopima, na kwa kipimo hicho nusu ya kipindi nakipenda na nusu kinanikera.

Mtoto_wa_Makongeni
Kuna anayejua Mr Brown aliishia wapi?

Kibaraza_cha_Unguja
Barry Evans. Kazi za uigizaji zilikauka, akawa dereva wa teksi, huko huko Leicestershire anakoandikia dada. Alikutwa amefariki nyumbani kwake 1997, miaka 53.

Mtoto_wa_Makongeni
Inauma. Mtu aliyenifundisha kwamba mwalimu anaweza asipige.

Kinyerezi_Juu
Wakuu, nimempa binti simu akasoma uzi wote. Ana swali kwa Binti_wa_Jinja: mama alilimaliza lile darasa la usiku?

Binti_wa_Jinja
Alilimaliza. Miaka iliyofuata ndiye aliyekuwa akiwaandikia majirani barua za halmashauri, za kudai mabomba yatengenezwe. Lafudhi yake ni ya Jinja mpaka leo. Karani akimrudishia neno kwa kumwigiza, humwambia, "Umelisikia, basi liandike."

DJ_Ngamiani
Salamu zake sana. Na matusi bado hujayataja.