Ushauri: kifungu cha kuendelea kumhifadhi kijana katika mkataba na halmashauri, hapa Uingereza

BintiPangani:

Wanajukwaa, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne England, na karibu miaka yote hiyo nimehudumia wazee majumbani mwao, kazi ambayo sisi wenyewe tunaiita kubeba boksi hata kama boksi lenyewe halipo. Mwaka jana nilifungua kampuni ndogo ya makazi yenye usaidizi kwa vijana wa miaka 16 na 17 walio chini ya uangalizi wa halmashauri. Kijana anapata chumba chake, anafundishwa kupika, kutunza pesa na kujipangia miadi ya daktari, na mfanyakazi wa usaidizi anakuwa karibu naye. Kampuni imepanga nyumba ya vyumba vinne kwa miaka mitano, pauni 1,850 kwa mwezi.

Halmashauri imenitumia rasimu ya mkataba wa kurasa 64. Kinachoninyima usingizi ni kifungu cha 11, kinachosema kwamba hata notisi ikishatolewa, mtoa huduma ataendelea kumhifadhi kijana mpaka halmashauri ipate mahali pengine panapomfaa, na hataruhusiwa kumtoa bila idhini ya maandishi. Wakati huohuo, mkataba wangu na mwenye nyumba unampa yeye haki ya kuichukua nyumba yake kwa notisi ya miezi miwili. Je, nisaini hivyo hivyo au niombe kifungu kibadilishwe? Natakiwa kujibu kufikia Ijumaa.

Mzee Kipara:

Marahaba, binti. Nimesoma mara mbili nisije nikakuonea, na bado sielewi kwa nini kifungu kinachomkataza mtu kumtupa mtoto nje kimnyime usingizi. Sisi tuliolelewa na mashangazi hatukuwa na kifungu cha 11. Ulirudi jioni ukakuta sahani yako imefunikwa, basi. Siku hizi watu wetu wamegundua kwamba mtoto asiye na mzazi ana bei yake kwa wiki, na kila aliyechoka kubeba boksi anafungua kampuni. Usikasirike, nasema ninachokiona hapa Reading.

Boksi Mstaafu:

Mzee, leo umeanza mapema. Binti, sitakuambia usaini au usisaini, nitakusimulia niliyoyaona Birmingham nilipokuwa mfanyakazi wa usaidizi katika nyumba ya wanaume sita, watu wazima. Pango lao lililipwa na posho ya nyumba ya serikali, na kwa kuwa makazi ya aina ile hayabanwi na viwango vya kawaida vya posho hiyo, mwenye kampuni alipokea zaidi ya ambacho nyumba ile ingepata sokoni, ilimradi aonyeshe kwamba anatoa usaidizi ambao si wa jina tu. Usaidizi wenyewe ulikuwa mimi, mara moja kwa wiki, na karatasi ya saini. Mzee mmoja wa Kijamaika alikuwa akinisainia mwezi mzima kwa mkupuo mmoja huku mayai yake yakichemka jikoni, na alinihimiza nimalize upesi yasije yakaiva kupita kiasi. Ni kwa sababu ya nyumba za namna ile ndipo Bunge likapitisha, Juni 2023, sheria iliyopelekwa na mbunge Bob Blackman ili halmashauri zipate meno. Kwa hiyo tunza daftari lako la kila siku. Milango ya kuzuia moto unayo?

Sheria Mkononi:

Boksi Mstaafu, simulizi yako ni ya kweli lakini ni ya mlango mwingine. Nyumba zile ni za watu wanaolipiwa na posho. Kwa vijana wa miaka 16 na 17 waliowekwa na halmashauri kuna kanuni zao za mwaka 2023, na msimamizi wao ni Ofsted, shirika lile lile linalokagua shule. BintiPangani, kabla sijagusa kifungu cha 11 nina swali moja tu. Kampuni yako imeshasajiliwa na Ofsted?

BintiPangani:

Ahsanteni sana. Mzee Kipara, sijakasirika. Milango ya kuzuia moto ipo katika kila chumba, vitambua moshi vipo, na jikoni kuna blanketi la moto. Kuhusu usajili, mambo yanaendelea vizuri. Hofu yangu kubwa ni mwenye nyumba, kwa sababu kijana wake anaoa mwakani na nimesikia kwa majirani kwamba anataka kumpa nyumba.

Dada wa Leicester:

Mwenye nyumba anayeozesha ni wa kuogopwa kuliko benki, shoga yangu. Mimi nilikuwa na saluni ya kusuka, juu yake chumba na choo, nikaweka masinki mapya matatu kwa pesa zangu. Mwenye jengo akaniambia binti yake amehitimu mambo ya kucha. Nikapewa wiki sita. Masinki yale yako pale mpaka leo, nikipita na basi nayaona kupitia kioo. Soma mkataba wa pango kabla ya kusoma wa halmashauri.

Sheria Mkononi:

Pole kwa masinki, dada. Ila nimeuliza jambo linalojibiwa kwa ndiyo au hapana, nikajibiwa kwamba mambo yanaendelea vizuri. Naomba nieleze kwa nini nang'ang'ania. Tangu tarehe 28 Oktoba 2023, anayeendesha makazi haya England bila usajili anatenda kosa la jinai. Waliopewa nafasi ya kuendelea na kazi huku maombi yao yakichambuliwa ni wale waliokuwa wamewasilisha maombi kamili kabla ya tarehe hiyo. Wewe kampuni yako ni ya mwaka jana, kwa hiyo nafasi hiyo hukuipata. Kwako usajili unatangulia, kijana anafuata. Nyumba kwa sasa ni tupu?

BintiPangani:

Maombi yako Ofsted mwezi wa tano sasa. Msimamizi wangu ameshahojiwa, na hati ya madhumuni ya huduma tuliirudia mara mbili kama walivyotaka.

Nyumba si tupu. Yupo kijana mmoja, wiki ya tatu sasa.

Naomba msinihukumu kabla ya kusikia. Alikuja Ijumaa saa nne usiku, afisa ustawi wa jamii ndiye aliyemleta kwa gari lake, baada ya kunipigia simu kwamba amekosa kitanda mji mzima na kijana angelala hoteli peke yake. Ana miaka 17. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye chaja na suruali moja. Ningemjibu nini yule afisa, kwamba cheti hakijafika? Aliniambia ni siku tatu tu, na karatasi tutazimaliza Jumatatu. Rasimu ya mkataba ndiyo iliyofuata, na ndiyo maana wanataka jibu Ijumaa. Wananilipa kwa ankara ya kila wiki, na mimi nimeshaacha kazi ya zamu. Kijana anaendelea vizuri. Kila usiku nakaa sebuleni mpaka alale, simruhusu kutoka baada ya saa mbili, na dawa zake nazitunza mimi na kumpa mwenyewe.

Mzee Kipara:

Hapo sasa nakuelewa, na nafuta nusu ya niliyosema.

Sheria Mkononi:

Mzee amefuta nusu, mimi naongeza. Dada yangu, aya yako ya mwisho umeiandika kwa huruma, lakini mkaguzi ataisoma kwa kalamu nyekundu. Makazi yenye usaidizi ni ya kijana aliye tayari kujitegemea kwa kiasi fulani. Ukimkesha, ukamfungia muda wa kutoka na kumpa dawa kwa mkono wako, unaanza kusogea kwenye malezi, na nyumba inayotoa malezi inatakiwa kusajiliwa kama nyumba ya watoto, chini ya sheria ya mwaka 2000, kwa masharti mazito zaidi. Kama kweli anahitaji kukeshewa, basi hata cheti unachokisubiri hakitamfaa.

Kuhusu afisa kumleta mwenyewe, naamini ilikuwa hivyo, halmashauri nyingi zimebanwa. Lakini kosa la kuendesha bila usajili linamwangukia mwendeshaji.

Chui wa Luton:

Samahanini nyote, naomba nivunje karamu. Nimeangalia wasifu wa mwanzisha uzi: amejiunga juzi, na huu ndio uzi wake wa kwanza. Mwaka jana alipita hapahapa mtu mwenye kampuni ya makazi, mkataba wa halmashauri mkononi, mwenye nyumba msumbufu na kijana wa kuhurumiwa, na ukurasa wa tatu tukaambiwa kuna nafasi za wawekezaji watano. Mimi nilitoa pauni 3,000. Hadithi hii imekaa vizuri mno, kila mkibana panatokea kipande kipya. Mfuko wa plastiki, saa nne usiku, afisa mwenye gari. Nasubiri namba ya akaunti.

Dada wa Leicester:

Jamani, hata mimi nilijiunga siku niliyokuwa na shida. Nani anajiunga akiwa na raha?

Boksi Mstaafu:

Chui ana haki ya kuuma, aliumwa kwanza. Lakini tapeli angesema ana usajili tayari, hangejichongea kosa la jinai mwenyewe.

BintiPangani:

Sijaomba hata senti ya mtu. Kaka Chui, pole kwa yaliyokupata. Mkataba siwezi kuuweka hapa kwa sababu una majina. Unataka nikuthibitishie kwa lipi? Mlango wa chumba chake una kile kifaa cha juu kinachoufunga wenyewe. Siku ya nne nilikuta amekifungua skrubu zote kwa kisu cha siagi, akazipanga dirishani kwa mstari, kwa sababu mlango ukijibamiza usiku anashtuka. Huko kwao alikotoka, [nchi imeondolewa na msimamizi], milango ilikuwa ikibamizwa hivyo walipokuja kumchukua baba yake. Fundi amekirudisha na kukilegeza ili mlango ujifunge taratibu, pauni 45, risiti ninayo.

Chui wa Luton:

Kisu cha siagi si ushahidi.

Sheria Mkononi:

Ameshakwambia hataki pesa, Chui, tuachie nafasi. BintiPangani, namshukuru msimamizi kwa kuondoa nchi. Usirudie kusimulia ya baba yake mbele ya watu wasiojulikana. Siri ya kijana ni sehemu ya unachosajiliwa kwa ajili yake.

Leo hii iandikie halmashauri barua pepe, si simu, useme tarehe aliyoingia, nani aliyemleta, kwamba hujasajiliwa, na kwamba unaomba wampatie makazi yaliyosajiliwa. Kisha mwandikie mkaguzi anayeshughulikia maombi yako, umweleze hayohayo. Najua unaogopa maombi yatakataliwa. Huenda yakacheleweshwa. Lakini wanapima pia kama wewe ni mtu wa kuaminika, na wakilikuta hili wenyewe litakuwa baya kuliko ukilipeleka. Usimtoe kijana wala usimwambie atafute pa kwenda. Wajibu wa kumpatia makazi ni wa halmashauri kwa sheria ya watoto ya mwaka 1989, na hakuna mkataba unaoweza kuuhamishia kwako ukawatoka wao.

BintiPangani:

Mnaniambia nimpeleke mwenyewe. Amezoea chuo, mabasi mawili tu kutoka hapa. Wakimhamisha watampeleka mji mwingine na masomo yatakatika katikati ya muhula. Nikinyamaza wiki tatu nne cheti kitafika na hakuna atakayeumia. Na pango la mwezi huu nani atalipa?

Mzee Kipara:

Binti, swali la pango umeliweka mwisho, lakini limesikika kwanza.

BintiPangani:

Wanajukwaa, narudi baada ya siku sita. Niliandika barua zote mbili siku ileile saa saba usiku. Halmashauri walikuja asubuhi ya pili yake, wawili, mmoja nilikuwa simjui, na Jumatano kijana alihamishiwa nyumba iliyosajiliwa, maili 19 kutoka hapa. Chuo wamekubali kumlipia treni mpaka muhula uishe, hilo nililiomba kwa maandishi na wakalijibu kwa maandishi. Mkaguzi amesema atakuja kuangalia kumbukumbu za zile wiki tatu, na sikupata usingizi mpaka nilipomaliza kuzipanga. Ankara ya mwisho hawajalipa. Mkataba wamesema haujafutwa, unasubiri cheti.

Kwa hiyo, Sheria Mkononi, swali langu la kwanza liko palepale. Kifungu cha 11.

Sheria Mkononi:

Sasa tunaweza kulizungumza. Wazo la kifungu usilipinge, hawatakubali kijana atolewe bila pa kwenda, na hawapaswi kukubali. Pinga ukimya wake. Omba kiandikwe kwamba kwa muda wote wa kuendelea kumhifadhi baada ya notisi malipo ni yaleyale, pamoja na ya wafanyakazi wa ziada ikiwa mahitaji yake yamepanda, kwa sababu wengi hutoa notisi hasa pale nyumba imeshindwa kumudu. Omba pia ukomo, siku 28 kwa mfano, na baada ya hapo suala lipande kwa mkurugenzi wa huduma za watoto badala ya kubaki kati yako na afisa mmoja. Ukiwa kwenye kurasa hizo 64, tafuta mahali panaposema kama wanakuhakikishia idadi yoyote ya vijana. Mikataba mingi ya jumla haihakikishii hata mmoja, na pango lako linaendelea vyumba vikiwa vitupu.

Lakini shida yako kubwa haiko kwa halmashauri, Dada wa Leicester alishakuambia. Sheria ya nyumba ya 1988 inamlinda mpangaji aliye mtu binafsi, na aliyepanga hapo ni kampuni. Huwezi kuiahidi halmashauri kwamba kijana hatatoka wakati mwenye nyumba anaweza kukutoa wewe kwa miezi miwili. Rudi kwake kabla ya kusaini popote, umwombe aondoe haki hiyo kwa miaka miwili ya kwanza, au aifanye miezi sita. Muulize pia kama aliyemkopesha pesa za nyumba anajua kuna vijana wa halmashauri ndani. Akikataa yote, tafuta nyumba nyingine.

BintiPangani:

Nimempigia. Anasema tuonane Jumapili, baada ya kikao cha harusi.

Dada wa Leicester:

Nenda na mchango.