Saba, Statia au Montserrat? Nina siku tano tu

BintiMrima: Habari zenu. Mwezi wa pili nitakuwa kisiwani Sint Maarten, Karibea, kikazi, na nimepata siku tano za mapumziko. Natafuta kisiwa kidogo cha volkano kisichojaa mahoteli. Mama yangu, miaka 63, atakuwa nami. Kipi?

Rotterdam_Kaka: Dada, Saba. Kilomita za mraba 13, watu kama 2,000, robo saa kwa ndege kutoka hapo ulipo. Njia ya kutua ina mita 400 tu, kwa hiyo mwandae mama mapema. Mimi kilichonigusa ni barabara. Wahandisi wa Kiholanzi walisema haijengeki. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akasomea ujenzi wa barabara kwa njia ya posta, na mwaka 1938 wakaanza kuichonga kwa mikono. Gari la kwanza liliteremshwa kisiwani 1947! Kabla ya hapo mizigo ilipandishwa vichwani kutoka Ladder Bay, ngazi 800 za mawe. Nilisimama pale juu nikakosa la kusema.

BintiMrima: Na ufukwe?

Rotterdam_Kaka: Usiutegemee. Mchanga wa Well's Bay huja na kuondoka na mawimbi.

MamaZuu: Naomba nipinge kidogo. Mlima wa Saba, Mount Scenery, una ngazi 1,064, zina utelezi na ukungu, magoti ya mtu mzima yataumia. Statia, yaani Sint Eustatius, ni afadhali. Volkano yake, The Quill, ina mita 601. Mnapanda taratibu hadi ukingo wa kasoko, mama anapumzika, wewe unashuka msituni ndani yake. Jioni mpitie magofu ya maghala ya Oranjestad pale ufukweni. Karne ya 18 bandari ile ilitajirika, na iliuza hata watu. Msipite haraka.

Mgoma: Mimi nasema Montserrat. Lava ya Nyiragongo ilipita mtaani kwetu 2002, ilipopoa tukajenga juu yake. Plymouth, mji mkuu wa Montserrat, haikupata hata hilo. Volkano ya Soufrière Hills iliamka Julai 1995, majivu na matope yakaufukia sehemu kubwa ya mji huo, na tarehe 25 Juni 1997 watu 19 walikufa. Sehemu kubwa ya kusini bado ni eneo la vizuizi. Unatazama kwa mbali, kutoka vilimani. Ila lazima upitie Antigua, na siku tano zitakubana.

BintiMrima: Asanteni sana. Montserrat nitaiendea peke yake, siku nyingine. Nimemsomea mama habari za ngazi 800, anasema anataka kuziona, hata kwa kusimama juu. Tunaanza na Saba, kisha Statia.