Trei za barafu au bonge moja kwenye beseni?

BintiMikindani: Habari za jioni wanakusini. Kwa joto hili la Desemba mtoto analia tu, nataka awe anachezea barafu uani. Ninunue zile trei za mpira za vipande vidogo au nigandishe bonge moja? Kesho napita sokoni.

Nahodha_Feri: Ana umri gani? Friji yako inagandisha kweli au inapooza tu? Umetupa swali nusu.

BintiMikindani: Samahani. Mwaka na miezi minne. Friji inagandisha.

MamaPacha: Basi trei achana nazo. Umri huo kila kitu kinaishia mdomoni, na kipande cha trei kinamkaba. Gandisha kopo la majarini la kilo, tupia majani makubwa ya mchaichai ndani. Ukilitoa usimpe hapo hapo, subiri ling'ae maji. Likiwa kavu linang'ang'ania vidole.

Shangani_4: Trei zina raha yake bwana. Wangu wa miaka minne namgandishia maji ya rosela, anachorea sakafu. Nguo nyeupe mvue kwanza, mimi nilijuta.

Nahodha_Feri: Mnajisumbua. Barafu ya samaki huku Feri bonge zima bei chee.

MamaPacha: Usinikumbushe! Nililinunua, nikalisuuza, nikaliweka kwenye beseni. Pacha wanalipiga kwa mwiko, wanacheka, nami najiona mama wa maana. Nageuka kuchukua taulo, narudi nakuta wote wawili wameinama wanalamba. Lilipoyeyuka, katikati magamba ya kibua. Usiku kucha kuharisha, siku mbili nafua nepi. Labda si barafu, lakini mimi sirudii.

Nahodha_Feri: Hukulisuuza vizuri.

MamaPacha: Magamba yalikuwa NDANI, kaka.

Mwl_Awali: Nyunyiza chumvi juu, inatoboa vishimo, watoto wanashangaa sana.

Shangani_4: Mwalimu, hao wako ni wa miaka mitano na unawasimamia. Barafu yenye chumvi inazidi ubaridi, inaunguza ngozi. Kwa huyu mdogo hapana.

Mwl_Awali: Sawa, ila maji ya vuguvugu kwenye kikombe amwagie mwenyewe, hilo halina ubishi.

Nahodha_Feri: Na umeme ukikatika? Kwetu leo tangu saa nane.

Shangani_4: Ndiyo maana wauza barafu za ubuyu wamepandisha. Huko Chikongola moja shilingi ngapi siku hizi?

MamaPacha: Mia mbili, na imekuwa nyembamba kama kidole.

BintiMikindani: Jamani, kopo la kilo moja au la nusu?