MJADALA: Tume ya katiba ya jiji ipeleke mabadiliko moja kwa moja kwa wananchi, au yapite kwanza kwa madiwani?

Mtoa mada
Wakuu, Mkenya akisikia hati ya jiji anakumbuka ile Nakuru waliyokabidhiwa Desemba 2021. Ya Marekani ni kitu kingine: ni katiba ya jiji yenyewe, na mara nyingi kuibadilisha huhitaji kura ya wananchi. Portland, Oregon, huunda tume ya watu 20 angalau kila miaka 10. Pendekezo likipata kura 15 ndani ya tume linakwenda kwenye karatasi ya kura, baraza haligusi hata nukta. Chini ya hapo, hata likiwa na wengi, linabaki ushauri kwa baraza. Mwaka 2022 pendekezo la kubadilisha mfumo mzima wa serikali ya jiji lilipita kwenye tume kwa 17 dhidi ya 3, na Novemba takribani 58% ya wapiga kura wakasema ndiyo.

Mimi naunga mkono yaende moja kwa moja kwa wananchi. Mabadiliko hayo yaliua mfumo wa tangu 1913 ambao mjumbe wa baraza alitunga sheria na papo hapo ni bosi wa idara. Nani angejipunguzia ulaji mwenyewe?

Mchangiaji wa 1
Napinga, na sababu yangu ni lile furushi la mabadiliko mengi ndani ya swali moja. Jimbo la Oregon linaipa hoja ya jiji kichwa cha maneno 10, swali la maneno 20 na muhtasari wa maneno 175. Swali la 2022, kwa tafsiri yangu: je, mkurugenzi aendeshe serikali ya jiji, madiwani 12 (watatu kila jimbo la uchaguzi) watunge sheria, wapiga kura wachague viongozi kwa kuwapanga (chaguo la kwanza, la pili, na kuendelea)? Kwa Kiingereza ni maneno 19, serikali nzima imo humo! Anayemtaka mkurugenzi lakini hataki kupanga wagombea aweke alama wapi? Hoja hii iliwahi kusumbua BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba ya Kenya: Mahakama Kuu ya Kenya ilitaka kila badiliko liwe na swali lake, na Mahakama ya Juu mwaka 2022 ikasema wakati wa kuliamua haujafika.

Mtoa mada
Wafanyabiashara wa Portland walilipeleka hilo mahakamani, hawakufanikiwa kulizuia. Majimbo ya viti vitatu na kupanga wagombea havitengani: kiti unakipata ukifikisha robo ya kura na moja juu, na hesabu hiyo inategemea kura za ziada kuhamia chaguo la pili. Watu wakipitisha majimbo wakakataa upangaji, hesabu nzima imevunjika. Kuhusu mkurugenzi, sawa, angeweza kupewa swali lake.

Mchangiaji wa 2
Mnajadili tume kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Nani kaiteua? New York, swali la tume ya meya likiingia kwenye kura, la baraza linasukumwa nje. Meya Giuliani alitumia mlango huo mwaka 1998 kuzuia swali la uwanja wa timu ya besiboli ya Yankees. Mwaka 2024 Meya Adams aliunda tume ya watu 13 mwezi Mei, na Julai maswali yakawa tayari. Portland waliziba tundu hilo: meya na makamishna 4 (wajumbe wa baraza la zamani), kila mmoja aliteua watu wanne.

Mchangiaji wa 3
Nyongeza fupi. Jimbo la Michigan humpa gavana nafasi ya kukagua rasimu ya katiba ya jiji. Detroit 2021, Gavana Whitmer alikataa kuidhinisha rasimu mwezi Aprili, kesi ikapanda hadi mahakama ya juu ya jimbo, ruhusa ikatoka siku chache kabla ya kura ya Agosti 3. Wapiga kura wakaikataa kwa kishindo. Ukaguzi wa sheria ukichelewa hivyo, watu wanabishana kama kura yao itahesabiwa badala ya kusoma rasimu.

Mchangiaji wa 1
Narudi Portland. Madiwani 12 ni namba shufwa. Kwenye sheria meya anavunja sare, lakini Januari 2025 baraza jipya lilipochagua mwenyekiti wake, kura ziligonga 6 kwa 6 raundi baada ya raundi. Aliyewahi kuendesha kikao angeliona hilo kwenye rasimu. Sitaki baraza lipewe turufu. Lipewe siku 30 kuandika kasoro, na tume ilazimike kujibu kwa maandishi kabla ya kura yake ya mwisho.

Mtoa mada
Tume ilipiga kura Juni, uchaguzi ulikuwa Novemba. Ili siku 30 zitoshe rasimu ifungwe Aprili, na majibu yachapishwe pamoja nayo, si baada yake.