Naomba ushauri: mawakala wamechoka na kura ni Jumanne

Habari za jioni wanakikundi. Kampeni za wadi zinafungwa Jumamosi, saa 48 kabla ya kura ya 9 Agosti 2022 hapa Kenya. Mawakala wetu, wanaomwakilisha mgombea kituoni, ndio walewale waliopiga kampeni nyumba kwa nyumba: sauti zimekauka, miguu imevimba. Kituo hufunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, kisha zinahesabiwa kura za nyadhifa sita. Hapo ndipo ninapohofia. Anayesinzia hawezi kupinga karatasi iliyowekwa fungu lisilo lake, na atasaini fomu ya matokeo bila kujumlisha. Tumefuta mikutano ya jioni, tukagawa maji ya tangawizi. Sauti zimerudi kidogo, usingizi bado.

Je, zamu ibadilishwe saa ngapi? Na wakala wa akiba aapishwe lini asizuiwe mlangoni?