Mjadala: Je, Baraza la chuo kikuu cha umma lilazimike kutangaza maamuzi yake pamoja na sababu?

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, na wengine wote mnaofuatilia elimu ya juu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi hapa Lindi kwa ajili ya masomo ya kilimo, kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 425 mwaka 2021. Deni hilo tutalilipa sote, akiwemo mkulima wa Nachingwea ambaye hajawahi kufika Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho jijini Dar es Salaam. Mambo makubwa ya chuo cha umma, kama bajeti, mali na sera zake, yapo mikononi mwa Baraza la Chuo kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, na Seneti inashughulikia taaluma. Kwa maoni yangu, Baraza lilazimike kutangaza maamuzi yake kwa Kiswahili, pamoja na sababu, ndani ya muda uliowekwa.

Naeleza kilichonifikisha hapa. Binti wa dada yangu alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha umma, ambacho sitakitaja, lilipobandikwa tangazo la mistari minne lenye mhuri, likieleza kwamba kwa uamuzi wa Baraza malipo ya muhula hayatapokelewa tena kwa awamu. Alilipiga picha akamtumia baba yake. Shemeji yangu aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaisogeza juu na chini akitafuta tarehe ya kikao, sababu, au jina la ofisi ya kuandikia barua, na hakuona hata kimoja. Ilikuwa Oktoba. Korosho zake nyingi zilikwishapelekwa ghalani na malipo ya mnada yalikuwa hayajaingia, kwa hiyo magunia matatu yaliyobaki nyumbani aliyauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa nje ya mnada, kwa bei ya kuumiza ili mtoto asajiliwe. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Huenda chuo kilikuwa na hali ngumu ya fedha ambayo hata sisi tungeielewa, lakini hakuna aliyetueleza.

Sisi wa kusini uamuzi wa hadharani tunaujua. Katika minada ya stakabadhi ghalani, mfumo ambao korosho hukusanywa ghalani kisha huuzwa kwa mnada, bei za wanunuzi hutangazwa mbele ya wakulima, nao husema kama wanauza au hawauzi. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei hizo, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lolote tutakalosema kuhusu yaliyofuata, kila aliyekuwepo mnadani alijua ni bei gani imekataliwa na kwa nini.

Mchangiaji kutoka Mtwara:

Mleta hoja, heshima yako. Niliwahi kuwa mwandishi wa vikao vya chuo kwa miaka kadhaa, na ninakuunga mkono nusu tu. Mjumbe anayejua kwamba maneno yake yatasomwa nje ataanza kusema yanayopendeza, na masuala ya nidhamu ya watumishi au ya zabuni yakitoka kabla ya wakati yanaweza kumwumiza asiye na hatia na kukiingiza chuo mahakamani. Chuo kikuu kinahitaji nafasi ya kufikiri bila kelele za siasa. Mimi ningeanzia kwenye uwakilishi: Lindi na Mtwara zipewe kiti kimoja katika Baraza, ili akiwepo mwenyeji wetu, mambo kama msimu wa korosho yasemwe mle mle ndani.

Mleta hoja:

Ahsante, ndugu yangu, kwa kuzungumza kutokana na kazi uliyoifanya. Kuhusu mjumbe kuogopa, nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana sikuomba mihtasari itolewe neno kwa neno. Majadiliano na yabaki chumbani. Ninachodai ni uamuzi na sababu yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imekwishatenganisha taarifa zinazoweza kuzuiliwa, zikiwemo zinazoingilia faragha ya mtu, na inampa mwananchi anayeomba taarifa haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Lakini sheria hiyo inamsubiri mtu aombe, na mzazi aliyeko Liwale hawezi kuomba taarifa ya kikao ambacho hajui kama kilikaa.

Kiti cha ukanda sikiafiki, ingawa najua wengi hapa mtakipenda. Tukikipata sisi, Kagera watakidai na mikoa mingine itafuata, na Baraza litageuka mahali pa kugawana badala ya kuamua. Isitoshe, mwenyeji wetu akishakaa mle naye atafungwa na usiri ule ule, na siku uamuzi utakapotuumiza tutamlaumu yeye bila kujua alisema nini. Kampasi ya kilimo inahitaji zaidi kusikiliza kabla ya kuamua: iwaulize watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima na wazazi kuhusu kalenda ya malipo, kisha Baraza lieleze lilichokubali na lilichokataa.

Tangazo lenye tarehe ya kikao, uamuzi, sababu na mahali pa kupeleka malalamiko linaenea katika karatasi moja. Wewe uliyewahi kuandika mihtasari hiyo, naomba unijibu hili kwa uzoefu wako: katika uamuzi kama ule wa kufuta malipo ya awamu, ni kitu gani hasa kilichostahili kufichwa kwa mzazi anayelipa?