Tupeane uzoefu: mlimuenzi vipi mwalimu wenu wa ngoma?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, mwalimu aliyenifundisha ngoma ametimiza zaidi ya miaka 40 ya kucheza na kufundisha, na sisi wanafunzi wake tumekubaliana kumfanyia hafla angali na nguvu za kuketi na kutusikiliza. Kamati imependekeza hotuba, cheti na keki. Mimi nasita, kwa sababu sioni jinsi cheti kitakavyobeba kazi ya mtu ambaye kazi yake yote imo katika miguu na viuno vya watu wengine.

Yeye ni wa kizazi kilicholelewa na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, ile aliyotangazia kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akauliza ni wangapi miongoni mwetu waliowahi hata kusikia habari za ngoma zetu kama gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lele mama. Wapo wa kizazi hicho waliopitia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo). Wengine, kama yeye, walijifunzia uwanjani kwa wazee wao. Naomba kila aliyewahi kumuaga au kumuenzi mwalimu wa namna hii aeleze walifanya nini, na kama kuna walichokijutia, akiseme pia.

Mwanafunzi wa zamani, Bagamoyo

Mwalimu wetu hakuwahi kutuhesabia moja, mbili, tatu. Aliitamka ngoma kwa mdomo, nasi tukairudia kwa mdomo mpaka tuishike, ndipo aliporuhusu mguu uondoke chini. Aliyetangulia kucheza kabla ya kusikia alirudishwa akae. Siku ya kumuaga tuliacha hotuba zote tukamwomba arudie somo la kwanza. Tulijipanga watu wazima, baadhi yetu wakiwa na vitambi (mimi mmojawapo), naye akapita kati ya mistari akigonga kwa kidole bega la kila aliyekaza mwili, kama alivyofanya tulipokuwa vijana. Aliponifikia alisema kosa langu la zamani bado ninalo, mguu wa kushoto unachelewa. Sikumbuki sifa yoyote niliyowahi kupewa iliyonifurahisha kuliko hilo kosa kukumbukwa.

Mpiga chapuo, Mtwara

Sisi tulikosea, na ninaandika ili msirudie. Mzee wetu alikuwa fundi wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, mtu ambaye akiingia uwanjani hata wapigaji tulikaa sawa, kwa kuwa kiuno chake ndicho kilichotuongoza na si sisi tuliomwongoza yeye. Hafla ilifanyika ukumbini. Mshereheshaji aliona ngoma zitachukua muda kuwambwa na kupashwa moto ili ngozi zikaze, akaamua muziki utoke kwenye spika, na sisi wapigaji tukaketi na hadhira tukiwa tumevaa sare. Mzee aliitwa mbele, akapewa cheti chenye jina lililokosewa herufi, kisha akaombwa "atuoneshe kidogo". Alisimama akausikiliza ule muziki wa spika kwa adabu, akauliza, "Nani ananipigia?" Hakuna aliyemjibu. Akarudi kuketi, na chakula kilipoanza kuandaliwa alikuwa ameshaondoka. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: chagueni wapigaji kabla ya kuchagua ukumbi.

Mama wa watatu, Unguja

Naongeza jambo ambalo wanaume huenda wasilifikirie. Si kila mwalimu wa ngoma anafaa kuenziwa jukwaani. Dunia ilimjua Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, kwa sauti yake ya taarabu, lakini wanawake wengi kwetu walimjua vilevile kwa ngoma ya msondo na unyago, mafunzo ya kuwaandaa wasichana kuwa wanawake, na mengi yanayofundishwa humo hayaimbwi mbele ya wanaume wala hayapigwi picha. Somo wangu mimi, yaani mwanamke aliyenifunda, ambaye sitamtaja, alikataa katakata kurekodiwa tulipomletea kamera tukidhani tunamheshimu. Alichokubali ni kupelekewa binti zetu. Nilimpeleka wangu wa kwanza, nikaketi pembeni nikisikia maneno niliyodhani nimeyasahau yakitoka kinywani mwangu pamoja na yake.

Katibu wa kikundi, Dodoma

Sisi tulichanga tukamlipia mzee bima ya afya. Amecheza maisha yake yote akipokea nauli na soda, na magoti yake sasa yanadai. Nadhani huko nako ni kumuenzi.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Nimeipelekea kamati maelezo haya, ya Mtwara nikiyaweka juu, na keki imeondolewa ili fedha yake iende kwenye bima. Jana nilikwenda kwa mwalimu kumweleza kwamba hafla itakuwa uwanjani, jioni, na kwamba ni yeye atakayeamua kipi kirekodiwe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba niendeshe kiganja changu juu ya ngozi ya ngoma iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akauliza kama nausikia ulegevu. Nilisema nausikia. Akaniagiza nifike saa tisa alasiri siku hiyo, kabla ya wageni wote, nikiwa na kuni kavu.